Laini Nne kwa Kidole Kimoja

Wewe unayesoma nakuchukulia kama mtu wa nyumbani, yule anayepitia mlango wa uani na kuvuta kigoda mwenyewe. Kwa hiyo nitakwambia jambo ambalo hata kanisani, kwenye kikundi chetu cha akina mama, sikulisema lote. Sitataja jina la mtu. Jirani yangu aliniomba hivyo, na mimi nilishamtaja mara moja mahali ambapo sikutakiwa. Hiyo mara moja ilitosha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu wa ofisini. Kidato cha nne nilimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikikaa dawati moja na mabinti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Cheti kilipotoka, mume wangu alikitundika sebuleni juu ya picha yetu ya harusi. Tangu hapo fomu za mtaa mzima huja kwangu. Fomu ya mkopo, ya hospitali, barua ya kwa mwenyekiti wa mtaa, watu wanaleta, nasoma, naandika. Nasema hivi ujue kwamba sikuwa mtu wa kudanganywa kirahisi na karatasi.

Jirani yangu huyo alipanga chumba nyumba ya pili kutoka kwangu, yeye na binti yake wa darasa la pili. Kwao ni upande wa Chemba, Msandawe, Mwislamu wa kuswali swala zote. Kazi yake ilikuwa kuponda kokoto. Tangu serikali ihamie huku nyumba zinaota kila upande, na kokoto haikosi mnunuzi. Alikaa juani tangu asubuhi na nyundo yake, mguu mmoja kaunyoosha, mbele yake kipande cha tairi cha kuzuia jiwe lisiruke. Miaka ya kazi hiyo ilimfuta vidole. Ncha zake zilikuwa nyororo na ngumu kama kipande cha sabuni kilichobaki mwishoni.

Ulipofika wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, ndipo tulipojua kwamba yule mama, kwa mashine, hayupo. Kwenye kitambulisho cha taifa walimrudisha mara mbili. Alama hazisomi, nenda, pumzika kazi, paka mafuta, urudi. Angepumzika kazi angekula nini? Laini yake ikakaribia kufungwa. Akaja kwangu jioni moja, akasimama mlangoni.

"Dada, mimi nikifungiwa simu, mama yangu kule atajua nimekufa."

Nikamwambia twende kesho.

Tulienda kwa dada mmoja wa laini aliyekuwa anakaa chini ya mwavuli karibu na soko. Mcheshi, kucha ndefu, mashine yake ndogo kaishika kama kipande cha mkate. Akamjaribu jirani yangu vidole vyote kumi, mashine ikakataa vyote.

"Mama, wewe vidole umeviacha wapi?" akamuuliza.

"Kwenye ghorofa za watu," jirani akajibu. Tukacheka wote watatu.

Yule dada akanigeukia mimi. "Na wewe si una kitambulisho? Muazime ndugu yako kidole. Kila mtu anafanya hivyo."

Na kweli kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Vijana waliwasajilia bibi zao, wenye nyumba waliwasajilia wapangaji, na akina mama kanisani tulisajiliana kama tunavyoazimana sufuria za msiba. Niliona ni tendo la huruma. Nikatoa namba yangu, nikaweka kidole.

"Haijasoma mama. Una mafuta. Futa, weka tena."

Nikafuta kwenye khanga, nikaweka.

"Bado. Mtandao huu. Weka tena."

Nikaweka mara tatu. Tukaondoka na laini, jirani yangu akiishika kwa mikono miwili, na njiani alimpigia mama yake kwa lugha yao ile yenye milio ya kugonga ulimi. Mimi sielewi hata neno, ila napenda kuisikiliza. Inakuwa kama mtu anavunja njugu huku anaongea.

Siku hizo hofu ilikuwa imeanza kuingia. Tulikuwa tunasikia habari za watu wanaojificha porini kule kusini, wanaochoma vijiji ng'ambo ya mpaka na kuchinja watu kwa jina la Mungu. Ni habari za kweli, watu walikufa, na mimi niliwaombea. Kanisani kwetu Pasaka hiyo walisimama askari mlangoni, pochi zetu zikafunguliwa, hata chupa ya uji wa mtoto ikanuswa. Mtaani likaundwa kundi la ulinzi kwenye simu. Agizo lilikuwa jepesi: ukiona mgeni usiyemwelewa, piga picha, tuma.

Ndipo kaka yake jirani akaja kumtembelea. Mtu mpole, muuza asali, ndevu hadi kifuani, suruali fupi juu ya kifundo. Alikaa siku tatu. Siku ya pili picha yake ilikuwa kwenye kundi, amepigwa kwa mgongoni akichota maji bombani. Chini yake watu wakaandika. Mmoja aliandika, "Huyu ni wa kuangaliwa." Mwingine, "Mungu atulinde na hawa." Mimi niliandika, "Amina."

Niliandika Amina kwa mazoea, kama ninavyojibu sala yoyote. Lakini nikikwambia ilikuwa mazoea tu nitakuwa nakudanganya. Nilikuwa nimeitazama ile picha, nikakuza zile ndevu kwa vidole viwili, na nikaogopa. Na chupa ya asali aliyonipa ilikuwa mezani kwangu.

Mwaka haukupita, mjumbe wetu, mzee wa watu, akaja kunigongea asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unaitwa ofisi ya mtaa. Kuna mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Yeye ndiye atakayekwambia. Vaa vizuri."

Nilimkuta mwanaume wa miaka thelathini hivi. Mimi fundi, macho yangu huanza na shati. Shati la bluu, kola imepigwa pasi kwa uangalifu, kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alisimama nilipoingia, akaniamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa. Hakusema anatoka ofisi gani, na mwenyekiti wa mtaa, ambaye huwa anauliza kila kitu, siku hiyo alikuwa anaangalia dirisha. Simu yangu ikawekwa juu ya kabati.

"Mama, hatutachukua muda wako," akasema. "Kuna laini imesajiliwa kwa jina lako. Siyo hii unayotumia. Ile nyingine. Nani anaitumia?"

Ile nyingine. Kichwani mwangu nyingine ilikuwa moja tu.

"Kuna nini na hiyo laini?" nikauliza.

"Inaongea na watu wasiofaa. Watu wa zile kazi za kusini." Akafunua daftari lake. "Mama, pole na zile safari za Chamwino. Jumatano ya juzi, na ile ya kabla yake. Unaondoka saa tatu, unarudi saa kumi. Mambo yanaenda vizuri?"

Chamwino nilikuwa naenda kwa binamu yangu muuguzi, anitazame uvimbe uliokuwa umeota kwenye ziwa langu la kushoto. Baadaye haukuwa kitu, namshukuru Mungu. Lakini wakati huo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani, hata mume wangu, kwa sababu mama yake alifariki kwa ugonjwa huohuo. Nilikuwa nimemwambia Mungu peke yake. Na huyu kijana mwenye kifungo cha uzi mweupe alikuwa ananipa pole.

"Sisi tunajua mengi mama," akasema kwa upole. "Tunataka tu useme wewe, ili tujue uko upande gani."

Nililelewa kusema kweli. Niliapa hivyo siku ya kipaimara na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kujutia. Na zaidi ya hapo, nilikuwa naziona zile ndevu. Nikasema. Nikamtaja jirani yangu, nyumba yake, kazi yake, na kaka yake muuza asali. Nikaongeza kwamba ni mtu mwenye roho nzuri. Yule kijana aliandika yote, akanishukuru, akainama kidogo kwa heshima, akaondoka. Sikumuuliza ni namba ipi. Mimi niliyesomea watu fomu miaka yote hiyo, sikuuliza namba ni ipi.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama kwenye kokoto. Wenzake walisema hakupiga kelele. Aliomba anawe mikono, wakamwambia atanawa huko. Nyundo yake ililetwa kwangu na mama mmoja aliyekuwa anaponda naye, akaiweka mlangoni kama mtu anayeacha salamu.

Binti yake nilimchukua. Mume wangu hakuuliza, alisogeza tu godoro. Nilimwambia tangu leo kitimoto cha nguruwe hakiingii humu ndani mpaka mama wa mtoto arudi, akasema, "Hata mimi daktari alishanikataza, sasa nimepata sababu." Baada ya chuo cha Qurani nilimfuata mwenyewe kila siku. Yule mtoto hakulia. Alikuwa anauliza kitu kimoja tu kila jioni akivua viatu.

"Mama amekupigia?"

Nilikwenda kituoni na chakula, nikaambiwa hayupo. Nikaenda cha pili, nikaambiwa hata hapo hayupo. Kundi la ulinzi lilikuwa kimya, ila mtu mmoja aliandika, "Tulisema." Safari hii sikuandika Amina.

Siku ya tano nilikuwa nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Nikamweleza mume wangu yote, uvimbe, Chamwino, laini, na nilichosema ofisini. 

"Umesema ulimuazima kidole," akasema. "Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Uliweka kidole mara moja?"

Nikamwambia hapana, mara tatu, mtandao ulikuwa mbaya. Akanitazama. Yeye ni dereva, ameongea na watu wa kila aina barabarani. Akanionyesha namba fupi ya kubonyeza, unaingiza namba ya kitambulisho chako, simu inakuletea orodha ya laini zote zilizo kwa jina lako. Mikono yangu ilikosea mara mbili. Kisha orodha ikaja.

Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ya jirani. Chini yake kulikuwa na mbili nyingine ambazo sijawahi kuziona na macho yangu.

Nilitoka na khanga moja mpaka sokoni. Mwavuli haukuwepo. Mama wa nyanya wa pale jirani akaniambia, "Yule? Alishahama zamani. Walikuwa wanapewa idadi ya laini za kumaliza kwa wiki, dada yangu. Kila akikwambia haijasoma, ujue imesoma." Akaniuliza kama nataka nyanya.

Nikakaa chini palepale, kwenye ukingo wa mfereji. Maana yake nilikuwa nimeielewa, lakini niliichelewesha kidogo, kama mtu anayeogopa kufungua bahasha. Huenda laini waliyokuwa wanaitafuta siyo ya jirani yangu. Huenda ni moja ya hizi mbili. Huenda mtu asiyenijua, mahali nisipopajua, anaongea na wauaji kwa jina langu la ubatizo, na mimi nimempeleka mwenzangu badala yake.

Niliiandika ile orodha kwenye karatasi ya daftari, nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akanipeleka kwa mwenyekiti, mwenyekiti akasema jambo hilo limeshatoka mikononi mwake. Nikamwambia nitakaa kwenye benchi lake mpaka lirudi. Nilikaa siku tatu, nikishona matundu ya vifungo kwa mkono huku nasubiri. Siku ya tatu yule kijana akaja. Shati jingine, la mistari.

Nikampa karatasi. Aliisoma bila kubadilika uso.

"Ni ipi kati ya hizi?" nikamuuliza.

Akaweka kidole kwenye ya tatu.

"Ya kwake ni ya pili," nikasema. "Hii siyo ya kwake. Mimi siijui. Nilikosea. Niandike kwamba nilikosea."

"Hukuniuliza namba siku ile, mama."

"Na wewe hukunitajia."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeguswa na haki. Nikamuuliza, basi watamwachia leo? Akakunja karatasi yangu mara nne, akaiweka mfukoni.

"Sasa tunayo simu yake," akasema. "Ina sauti nyingi za lugha ambayo hatuielewi. Hatuwezi kumwachia mtu ambaye hatujaelewa alichosema. Tunatafuta wa kututafsiria, na siyo ndugu yake."

"Watu wa lugha hiyo ni wachache."

"Ndiyo shida yenyewe."

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila asubuhi nilimfikisha binti shule, nikaja benchini. Mwenyekiti akaniambia natia aibu ofisi. Nikamwambia aibu tutagawana. Kwenye kikundi cha akina mama niliomba wamwombee mtu mwenye shida, sikusema ni nani wala ni dini gani, nao wakaomba kwa nguvu, na mimi nikaogopa kama Mungu angeniuliza mbona sikuwaambia.

Siku ya kumi na saba, saa saba mchana, nilikuwa nafunga mkanda wa cherehani nikaona mtu kasimama mlangoni.

"Hodi dada."

Nilimshika mkono nikamkalisha kitandani. Alikuwa amekonda, ngozi imepauka kwa kukosa jua. Aliomba chai ya rangi, akanywa vikombe viwili kabla ya kusema.

"Wamenichukua vidole vyote kumi, kila siku," akasema. "Vinagoma. Wakasema nimevifuta makusudi. Nikawaambia nipeni nyundo niwaonyeshe."

"Walikupiga?"

Alisema, "Walipompata wa kutafsiri, walinisikilizisha sauti yangu mwenyewe. Namwambia mama, yule mbuzi jicho limepona. Siku mbili wananiuliza, mbuzi ni nani." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Kaka yangu wamemfuata mpaka nyumbani. Mizinga yote wameifungua. Yeye bado wanaye."

Nilikuwa nimejipangia maneno. Nilikuwa nimeyasali. Yote yakapotea.

"Ni mimi niliyekutaja," nikasema.

"Najua. Walinisomea ulivyosema." Alikuwa anageuza kikombe kitupu mkononi. "Ulisema pia nina roho nzuri. Na hilo walilisoma."

Binti yake alirudi shule, akamkuta, akasimama mbali kwanza akimwangalia kama anamhakiki, kisha akaenda kuvua viatu mahali pake pa kila siku. Wiki moja baadaye walihama, wakarudi Chemba. Sina namba yake, kwa sababu hataki tena kuwa na simu. Nikitaka habari zake natuma neno kwa watu wa mnadani wanaopeleka ng'ombe, nao hunirudishia wakipita. Mwezi uliopita waliniambia hajambo, mama yake anaumwa miguu. Kaka yake hawakumtaja, nami sikuwauliza mbele ya watu.

Wewe utaniuliza ile laini ya tatu iliishia wapi. Nilikwenda kuifunga kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Ya nne ilifungwa palepale, dakika mbili. Ya tatu yule wa dirishani aliangalia kioo, akaenda nyuma, akarudi, akasema mfumo unakataa. Jioni ile yule kijana alinipigia, mara ya kwanza kunipigia moja kwa moja.

"Mama, hiyo usiifunge. Tunaisikiliza."

"Lakini ni jina langu."

"Ndiyo maana tunakuomba."

Kwa hiyo iko hewani mpaka leo. Kuna mtu anaamka, anapiga simu, anapanga anayopanga, na kila anapopiga kwenye mashine zao linatokea jina langu. Siku akifanya alichokusudia, Mungu aepushe, nani atatangulia kuulizwa? Nimeuliza kama naweza kupata hata karatasi moja yenye muhuri inayosema mimi siye. Nimeambiwa karatasi kama hiyo haipo. Kijana bado ananiamkia shikamoo, na bado anajua nilikuwa wapi Jumatano. Chamwino sasa naenda na mume wangu. Simu naiacha nyumbani juu ya friji, ingawa najua kuiacha nako kunaandikwa.

Sisemi serikali isitafute wabaya. Nina watoto, nakaa mbele kanisani, nataka walindwe. Nasema tu kwamba siku wanapokuuliza habari ya mwenzako, waulize ni namba ipi, na usikubali kujibu kabla hujaiona kwa macho. Na ukiambiwa kidole hakijasoma, omba kuonyeshwa kioo.

Ombi langu ni hili. Hadithi hii mpe mtu mwingine, lakini usiipige picha wala usiitume kwenye kundi. Muazime karatasi yenyewe, au msomee akiwa anachambua mchicha. Ukimpata mama asiyejua kusoma, kaa naye, mwambie kwa mdomo wako, polepole, kisha mwombe naye amwambie mmoja.